Plagini za Bure na Sauti ya Hellena

Jumamosi, 2 Juni 2007

Haya, umerudi! Tangu Pasaka hujagusa daftari hili. Ulikuwa wapi, Marsiana? Usiseme shamba. Shamba halikufuati mpaka kitandani. Shuleni hukuingia hata mlangoni. Herufi ulizipata ukubwani, kisomo cha watu wazima, Flavian mgongoni akikuvuta nywele. Halafu unaziacha zilale? Kaa chini. Andika.

Mambo ni haya. Mdogo wangu Hellena, lile rovu la shingoni limekuwa kubwa. Akilala linambana. Daktari wa Mbeya kasema likatwe. Sawa, likatwe! Lakini kaongeza kwamba sauti inaweza kurudi ilivyokuwa, inaweza kurudi nyingine, inaweza isirudi. Hellena anasema alimwambia hivyohivyo, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Na wimbo wa mama wa kupura ulezi anao Hellena peke yake. Wote, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilirithi maneno, sauti sikurithi. Nikiimba kunguru wanajibu.

Basi wiki iliyopita alikuja kutoka Mwimbi, Rahel akamrekodi. Rahel, binti wa Flavian, mjukuu wangu huyu aliyenipora ghala. Mahindi yangu yako chumbani kwangu, nalala nayo, kwa sababu ghala sasa ni studio. Trei za mayai ukutani. Blanketi langu zuri mlangoni. Kompyuta kubwa iliyotupwa na ofisi fulani. Vijana wanakuja kuimba humo. “Mambo, bibi!” Nawaambia mambo kamwambie mwenzako, mimi niamkie. Wanaamkia.

Hellena aliimba, nikalia, sikuficha. Leo Rahel kanivalisha hedifoni nisikilize. Mashine! Mashine ya kusaga ya jirani yangu Baltazari inanguruma chini ya wimbo wote, kama ng’ombe aliyefungwa uvunguni. Siku ile masikio yetu yote yalikuwa kwa Hellena, hatukuisikia.

Rahel anasema, usijali Bibi, kuna plagini. Ndiyo nini? Anasema ni kiprogramu kidogo, unakipachika ndani ya programu kubwa ya muziki, kinafanya kazi yake moja. Kuna cha kuondoa kelele. Viko vya bure kwenye intaneti.

Bure. Nitakwenda naye nikaone.

Jumatatu, 4 Juni 2007

Nimekwenda naye mwenyewe, intaneti kwa Yunusu, yule ambaye baba yake ana malori. Kijana ana adabu. “Shikamoo bibi.” Kiti kanipa chenye mto.

Lakini hiyo bure! Kwanza wanataka jina. Halafu barua pepe. Halafu umezaliwa lini, unakaa nchi gani, unafanya kazi gani. Mgeni akija kwangu kuomba maji simuulizi alizaliwa lini! Rahel kajaza: prodyuza. Nikamwambia andika na bibi yako, mlinzi wa ghala.

Kisha mstari wa kijani unatambaa. Unatambaa, unasimama, unafikiri. Ukakaribia mwisho — mtandao ukakatika. Anza upya! Yunusu anasema tuvumilie, setilaiti iko mbali sana. Nikasema na mimi kwangu Katandala ni mbali, nina magoti mabovu, mbona nimefika?

Tumerudi jioni na kitu kwenye flashi. Kidogo kuliko punje ya maharage.

Jumanne, 5 Juni 2007

Imefanya kazi! Mashine ya Baltazari imezama, Hellena kabaki juu. Nikapiga kigelegele.

Sijamaliza kigelegele — mwanamke kaingia. Ndani ya wimbo! Anaongea Kiingereza, anataja jina la kampuni yake, anatoka. Hellena anaendelea kidogo, yule kaingia tena. Nani kamkaribisha? Mama yangu alipura ulezi na yule?

Rahel kasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni ya majaribio. Ukitaka yule dada anyamaze, unanunua.

Basi si bure. Ni mtego wenye nyama.

Alhamisi, 7 Juni 2007

Mshikaji wake Rahel kaleta plagini zilizovunjwa kufuli. Za wizi. Nimesema sitaki kitu cha wizi ghalani. “Bibi, kila mtu anatumia.” Kila mtu si mjukuu wangu!

Rahel kaziweka nikiwa shambani kwenye maharage. Kompyuta imejaa virusi, nyimbo za vijana hazionekani. Wimbo wa Hellena umepona, alikuwa ameuchoma kwenye sidii. Nilikusudia kutosema neno. Nimesema mengi.

Usiku — hapana, jioni — nimempelekea chai. Alikuwa amekaa anaangalia kioo cheusi. Nimekaa naye. Mkaidi. Wa kwangu kabisa.

Jumamosi, 9 Juni 2007

Yunusu katuosha kompyuta. Kaja mwenyewe na sidii zake, na mama yake Kulsumu kamtuma na sambusa. Na plagini nyingine kaleta, kaipata kwa mtu mmoja huko Ulaya anayezitengeneza nyumbani kwake. Haulizi jina. Haulizi umezaliwa lini. Yunusu katusomea alichoandika: tumia, wagawie na wenzako, na ukipenda nitumie kadi kutoka huko uliko.

Nikasema, huyo kalelewa!

Maana ndivyo tunavyoishi. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Hata punje mbili za chumvi weka. Huyu Mzungu hataki pesa, anataka bakuli lake lisirudi tupu. Rahel kacheka, lakini nimemvuta mpaka posta. Kadi zilizobaki ni za Krismasi. Juni hii! Tumechukua yenye nyota na kondoo. Nimeandika kwa mkono wangu: Sisi ni watu wa Sumbawanga, kuna baridi, tumepokea, Mungu akuweke. Na ulezi kidogo nimetia ndani ya bahasha.

Yule wa dirishani kaiminya bahasha. Mama, hii nini? Chakula. Mama, mbegu haziendi kwa posta. Nikamwambia si mbegu, ni heshima. Kakataa. Kamimina ulezi wangu mezani! Nimeuokota wote, punje kwa punje, na foleni nyuma yangu inaguna. Na igune.

Kadi imekwenda tupu. Inaniuma mpaka sasa.

Jumanne, 12 Juni 2007

Plagini ya yule mwungwana ni nzuri, haina mwanamke ndani. Lakini kuna jambo Rahel alilifahamu tangu jana akanificha. Sauti ya Hellena ni nzito, akishuka chini inakaa palepale inaponguruma mashine. Plagini ikimwondoa Baltazari, inamwondoa na Hellena. Kinachobaki ni kama mtu anaimba ndani ya debe.

Rahel kalia. Mtoto mzima! Nimemfuta kwa khanga, nikamwambia lia, ukimaliza tufikiri.

Tumefikiri. Dawa ni moja, Hellena aimbe tena mashine ikiwa kimya. Atapita hapa Ijumaa, atalala, Jumamosi alfajiri basi la Mbeya. Nafasi hiyo tu.

Lakini mashine ya Baltazari ni ya umeme, na huu mgao, mtaa wetu unapata mchana tu. Umeme ukiwepo, anasaga. Ukikatika, kimya kizuri — na kompyuta nayo kimya! Kuihamisha Rahel anaogopa, mara ya mwisho waliihamisha ikagoma mwezi mzima.

Nimekwenda kwa Baltazari. Nimeomba vizuri, kwa upole ambao sina. “Mama Flavian, watu wametoka vijijini na ulezi kichwani, niwaambie wasubiri wimbo? Mashine si redio, kwamba naizima tu.” Nikasema nakuelewa. Kisha nikamwita kichwa cha kinu.

Alhamisi, 14 Juni 2007

Nimerudi kwake. Kakataa.

Nimemtuma Rahel. Kakataa, lakini kampa pumba za kuku.

Ijumaa, 15 Juni 2007

Nimefanya jambo. Nitaliandika lilivyo.

Umeme ulikuja. Mashine ikaanza. Hellena alikuwa njiani. Nikatoka na khanga kichwani, nikasimama mlangoni kwa Baltazari, kinywa kikasema chenyewe: “Zima, Baltazari. Nimefiwa.”

Alizima papo hapo. Hapa mtaani kukiwa na msiba jirani hasagi, hilo nililijua, ndilo nililolitaka. Yaliyobaki sikuyafikiria! Alivua kofia, akanifuata nyuma. Akina mama wa foleni wakaacha magunia yao, wakaja. Wengine na unga. Kabula, jirani yetu Msukuma mwenye ng’ombe, kaja na kuni kichwani na maziwa mkononi. Wakaketi uani kwangu. Wakaanza kulia! Na mimi katikati, napewa pole, nasema asanteni.

“Ni nani, mama?” Subirini. “Ni Flavian?” Hapana! Mungu wangu, hapana. Subirini.

Rahel katoka ghalani, kaona umati, kaniangalia. Nikamwonyesha kwa jicho: washa kompyuta.

Hapo Hellena akaingia na begi lake. Kaona watu wamekaa chini, begi likaanguka. “Dada! Nani amekufa?”

Wote wakageuka kwangu. Nikasema, “Hakuna aliyekufa. Sauti yako hii, tumekuja kuiaga kabla ya kisu.”

Hellena kaweka mkono shingoni. Nilijua atanipiga, na ningemwacha. Akacheka! “Nyie watu! Mnanililia nikiwa nimesimama!”

Baltazari hakucheka. Alirudisha kofia kichwani. “Mama Flavian, umenidanganya.” Ndiyo. “Mtu mzima!” Ndiyo, baba. “Nakwenda kuwasha mashine yangu.”

Ni Kabula aliyemzuia, wala si kwa mkono. Kasema taratibu, “Baba, umeshaketi msibani. Hujala.”

Na hilo analijua. Wote tunalijua. Aliyeketi kwenye matanga haondoki bila kutia tonge kinywani, akiondoka hivyo atasemwa mpaka Kasanga. Akasema huu si msiba. Mama mmoja wa foleni kamjibu, “Tumelia. Machozi yangu nimeyatumia. Ni msiba.” Baltazari kaketi. Kanuna kama gunia, lakini kaketi.

Basi niko jikoni, daftari gotini, mwiko mkono wa pili. Ugali wa ulezi. Umeiva kitambo! Nakoroga tu, asile mapema akaenda kuwasha. Kila nikiinua kichwa Baltazari anautazama mwiko. Anajua ninachofanya. Najua kwamba anajua. Kwa upande huu nina hatia, na nitampelekea bakuli, tena si tupu. Lakini si leo.

Hellena ameingia ghalani. Blanketi limeshushwa. Mama mmoja kamnyonyesha mtoto asilie. Hata kuku wa Kabula kafunikwa kapu.

Ameanza — amekohoa. Amesimama. Nasikia Rahel, “Pole pole, bibi mdogo, kunywa maji.” Moto unapungua, siwezi kuvunja kuni, zitalia.

Ameanza tena. Ule mwanzo wa mama, wa chini kabisa, pale plagini iliposhindwa. Akina mama wawili wa vijijini midomo inachezacheza, wanajua mahali pa kuitikia. Nimewawekea kidole mdomoni. Wamejizuia, wanajitikisa tu.

Baltazari kavua kofia tena. Safari hii hakuna aliyefiwa.

Lakini kasimama. Ananawa mikono. Anakuja huku jikoni na sahani yake mwenyewe, na Hellena hajafika hata katikati —

Naacha, kalamu inakwaruza. Wewe Marsiana, ukifungua tena daftari hili, usianze kuniandikia baridi na maharage. Nenda kwanza ghalani, umwambie Rahel akuwekee wimbo, usikilize mpaka mwisho bila kusema kitu. Halafu nenda stendi ukampokee mdogo wako akirudi kutoka Mbeya, na hicho kinywa chako ukifunge. Umwache aseme yeye kwanza.