Ujumbe Niliosema Wafute

Mweiga, Jumanne

Kaka Mujahid,

Sisi wazima, na maembe uliyotuma kutoka Kenol yalifika. Mama amegawia majirani nusu.

Unakumbuka ile huduma niliyowaandikisha wakulima hapa ofisi ya maziwa, ya kuwaarifu mtu akikopa kwa jina lao? Ilikuwa shilingi hamsini kwa mwezi. Sasa simu zao zinakatwa mia tatu.

Leo Mzee Kirimi amenirushia simu yake mezani. "Samiha, ati hawa tunawalipa watulinde na wezi? Wezi si ni wao!" Watu walicheka. Nami nilicheka, kaka.

Hawajui kwamba walionywa. Mwezi uliopita ujumbe wa huduma hiyo ulikuja kwa Kiingereza, wakaniletea niwasomee kama kawaida. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisoma mstari wa kwanza nikawaambia, "Ni matangazo tu, futeni." Chini yake iliandikwa kwamba bei inapanda hadi mia tatu, na asiyekataa ndani ya siku saba amekubali.

Nikikiri, kazi yangu hapa imekwisha. Kesho wanapeleka malalamiko, na wamenichagua mimi niwaandikie, kwa sababu wananiamini. Nimeshaandika: "Hakuna aliyetuarifu."

Dada yako,
Samiha