Swali Nililomuuliza Muhindo

Goma, Mapendo

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Papa na wote walioko nyumbani. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Butembo? Bado unapanda ile njia ya parokia kwa miguu, au umekubali kaka Kambale akupakie kwenye pikipiki? Mimi ni mzima wa mwili. Mama mdogo ananilisha vizuri, na anasema nimekonda kwa ukaidi tu.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya sauti kwenye simu. Nilijaribu mara tatu. Nikifika katikati nalia, nafuta, naanza tena. Basi barua hii inakuja na jirani yetu muuza vitenge, ambaye anazunguka njia ndefu kufika huko.

Habari za masomo kwanza, Papa asije akasema nimeficha. Sisi tulioanza pamoja kusomea malezi ya watoto wadogo tulikuwa tunajaza chumba. Sasa tunaenea kwenye mabenchi mawili. Wengine walikimbia vita, wengine wamehamia uuguzi. Profesa wetu wa saikolojia ya mtoto alivuka mpaka na hajarudi, tunasoma karatasi alizotuachia. Papa bado anawaambia watu kwamba binti yake yuko universite anasomea kufuta kamasi? Mwambie ni kweli, nimefika mwaka wa tatu na kamasi bado zinanishinda.

Tangu muhula uanze niko kwenye staji, yaani nafundisha darasa la watoto wadogo huko Majengo chini ya mwalimu mwenyeji, Mama Furaha. Kila mtu wa staji anapewa mtoto mmoja wa kumfuata kwa karibu na kuandika kwenye kaye, daftari letu, yote anayofanya. Mimi nilipewa Muhindo.

Ana miaka mitano. Yeye na nyanya yake, ambaye darasa zima linamwita Koko, walikuwa kambini upande wa Munigi, na kambi ilipovunjwa wakapata chumba Majengo. Alipokuja kwetu alikuwa hasemi. Si bubu, Koko anasema zamani alikuwa na mdomo kama redio. Majuma sita nilikaa naye chini tukipanga vifuniko vya chupa bila kumlazimisha, jinsi tulivyofundishwa. Siku moja akanisukumia kifuniko chekundu, akasema, "Yako." Mama, niliandika neno hilo kwenye kaye na kulizungushia duara. Juma lililofuata akasema "maji", akasema "hapana", akaita jina la mbuzi wa jirani. Siku hiyo nilitembea toka Majengo hadi Mapendo nikicheka peke yangu, watu wakanipisha.

Halafu nikaharibu.

Asubuhi tunaita majina, na kila mtoto anasimama kuonyesha yupo na kujibu "prezan". Mimi nikaongeza mchezo wangu. Unajua majina yetu sisi Wanande yanavyomtangaza mtu amezaliwa wa ngapi. Nikawa namwambia mmoja, "Weye Masika, ni musichana wa kwanza kwenu!" naye anashika mdomo: "Mwalimu, nani alikuambia?" Watoto wa Rutshuru na Masisi, ambao majina yao hayana mambo hayo, wakaona mimi ni nabii, wakataka niwatabirie na wao. Kichwa kilinivimba. Nikafika kwa Muhindo, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama ili ajibu.

"Na weye Muhindo, mi najua ulizaliwa nyuma ya basichana! Badada yako bako wapi? Ubaambie bakuje kukutafuta leo, tubaone!"

Alibaki mdomo wazi. Kisha mkojo ukatiririka hadi kwenye viatu, na akaingia chini ya meza. Ile "prezan" hakuisema, wala neno lingine lolote.

Mchana Koko alikuja. "Mwalimu, ulimuuliza nini huyu mutoto?" Nilimwambia. Hakunikasirikia, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Badada yake balikuwa babili," akasema. "Siku ya kukimbia, Masika, ule mukubwa, alimubeba huyu ku mugongo, akanipatia yeye, akarudia kutafuta mudogo wake. Hatukubaona tena. Mi sijue kama balikufa, sijue kama bako. Mumuite Moïse tu, jina yake ya ubatizo. Ile jina ingine muiache. Kila mutu wa kwetu akiisikia, anauliza."

Mama, mwalimu wa kabila lingine asingemuuliza mtoto swali hilo, maana asingejua. Ilihitaji Munande. Na Munande mwenyewe ni mimi Kahindo, msichana niliyezaliwa nyuma ya wavulana! Tangu kaka yetu Paluku aende shamba la kakao upande wa Beni na asirudi, kila mgeni akisikia jina langu ananiuliza kaka zangu wako wapi. Wewe ulikuwa unanishika mkono na kujibu kwa niaba yangu: "Wako." Sauti ile ile, miaka yote. Nilijua uzito wa swali lile kuliko mtu yeyote darasani, na bado nikalirusha ili nichekeshe watoto. Naona aibu hadi leo.

Mama Furaha aliniambia niandike kwenye kaye kwamba mtoto amerudi nyuma, yaishe. Niliandika, nikafuta. Siku hizo nilitaka kukuambia narudi nyumbani, kwamba Papa alisema kweli, watoto wa watu si mahali pa kujifunzia.

Tulimwita Moïse kama Koko alivyotaka. Kila nikiita jina hilo, Muhindo aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Juma la pili nilishindwa. Niliingia chini ya meza na suruali yangu safi, nikakaa naye.

"Muhindo," nikamwambia, "miye ni Kahindo. Nilizaliwa nyuma ya bakaka. Mumoja anaitwa Paluku. Alienda ku shamba, hakurudia."

Hakuna kitabu kilichonifundisha hivyo, na sijui kama profesa wetu angekubali. Nilimpa kile kifuniko chekundu, akakishika, basi.

Juzi nilikuwa namfunga kamba za kiatu. Akainama karibu na sikio langu.

"Paluku iko wapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile. Ningepaswa kuruka kwa furaha. Nilifungua mdomo nijibu kama wewe, "Yuko," na halikutoka. Nikajaribu lile lingine, "Alikufa," nalo likakwama. Nani aliniambia amekufa? Nilifungua kamba na kuzifunga tena. Tangu hapo kila asubuhi anakuja kukaa kando yangu na kifuniko chake mkononi, ananitazama mdomo.

Nilimweleza Koko. Akasema, "Kile utamuambia juu ya kaka yako, na mi nitamuambia icho juu ya badada yake. Uangalie muzuri."

Ndiyo maana nimeandika, Mama. Hatujawahi kulizungumza, wewe na mimi, na najua ninakuumiza. Lakini ukisema "Wako", unasema kwa sababu kuna kitu unajua, au unasema ili wageni wanyamaze? Mtoto huyu si mgeni, kwake kunyamaza si kuzuri. Akifunga mdomo safari hii sidhani kama nitaweza kuufungua, na sidhani kama nitaweza kuingia tena darasa lingine. Nijibu, hata mstari mmoja, kupitia mama huyu wa vitenge. Atakaa huko siku nne.

Nisalimie Papa, na asikuchokoze kwa sababu ya barua hii. Nisalimie Kambale na mkewe, na mtoto wao mnene. Wamwachie atambae, wasimfunge mgongoni mchana kutwa. Msalimie mama yangu wa ubatizo anayeniombea kila Jumapili. Na kila mara nikituma salamu kwenye simu huwa unanikumbusha: "Na Paluku?" Leo nimeandika jina lake mwenyewe, Mama, na sijui niandike nini mbele yake.

Binti yako,
Kahindo