Viumbe wa Bi Zuhura

Dada Akinyi, pokea salamu zilizoloa jasho la Mji wa Kale.

Wale viumbe ninaowatengeneza ndani ya kompyuta walitakiwa kushindania chakula, ili kila kizazi kiwe na mbio zaidi kuliko kilichotangulia. Kosa langu ni kumwonyesha Bi Zuhura, mwenye nyumba, kwamba ukibofya, chakula kinadondoka. Kila nikienda kuoga, anabofya. "Kwangu halali mtu na njaa, mwanangu." Sasa wanazaliwa bila miguu, wanakaa vinywa wazi wakingoja.

Nilikwenda kumlalamikia, akanikaribisha mahamri na mbaazi, sahani ya tatu asubuhi hiyo. Nina wiki mbili hapa. Barabara ya Ndia Kuu iko chini ya dirisha langu na bado sijaikanyaga.

Wabusu watoto. Mje kunipokea stendi na mkokoteni.

Mdogo wako, Ouma