Barua kwa Profesa wa Ujapani

Dar es Salaam, 2 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mafua yamepungua. Mimi mzima, ila kwa kuwa umezima simu yako, nimerudi kwenye kalamu!

Profesa mmoja wa Ujapani alinikubali kwa utafiti wa miaka miwili, baada ya udaktari wangu wa fizikia. Uliniuliza ninachofanya. Kile kisumaku chako cha kuokotea pini, kila elektroni ni kisumaku kama hicho, kidogo kupita kiasi. Tunatumia jinsi inavyojizungusha kutunza kumbukumbu, ili umeme ukikatika kifaa kisisahau kitu.

Lakini kazi inaanza Aprili nami nimekataa. Baba kafariki mwezi uliopita, wewe uko edani mpaka Mei, na mtoto ni mimi peke yangu. Nimewaandikia kuwa nina sababu za kifamilia.

Mwanao, Adila

Kaole, 5 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yamekwisha, alhamdulillahi. Simu nimeizima kwa sababu watu wa pole wamenichosha.

Mtoto wa fundi cherehani anazifundisha elektroni kukumbuka! Baba yako angeusimulia msikiti mzima.

Sasa nikugombeze. "Sababu za kifamilia" ndiyo nini? Mjapani atajuaje kama ni eda au harusi? Hukumwomba hata angoje. Uliona haya kuitaja eda yangu?

Mama yako

Dar es Salaam, 9 Februari

Mama,

Shikamoo. Ndiyo, niliona haya. Niliogopa watanicheka, maabara nzima imngoje mjane wa Kaole. Tena wamenijibu kuwa nafasi wanampa mwingine. Tuyaache, mama.

Mwanao, Adila

Kaole, 13 Februari

Adila,

Marahaba, hujambo? Sikuyaacha. Ile karatasi yao uliyoisahau kabatini ina anwani ya barua pepe. Nimemwandikia profesa, na jirani yetu Yasmini, mwalimu wa Kiingereza, ametafsiri na kutuma kwa simu yake. Nimemwambia hivi: "Mimi ni mjane. Dini yangu inanitaka nikae nyumbani miezi minne na siku kumi. Binti yangu hakuikataa kazi yako, amekataa kuniacha. Ukimngoja, utapata mtu anayejua kukaa na jambo mpaka liishe."

Kasirika ukitaka, imeshakwenda.

Mama yako

Dar es Salaam, 1 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Profesa amejibu. Alidhani nimemkataa kwa adabu tu. Yule mwingine amepata kazi kwingine, nami ataningoja mpaka Juni.

Barua yako nimeisomea ofisini nikalia. Miaka yote nilidhani ujasiri nimeutoa kwa baba. Ila utabaki na nani?

Mwanao, Adila

Kaole, 14 Mei

Mwanangu Adila,

Marahaba. Mimi mzima. Jana nimetoka eda. Shangazi yako Mize ameshahamia kwangu na mikeka yake, anakoroma ajabu, basi usiniulize tena nitabaki na nani.

Nguo yako ya safari nimeimaliza. Jirani yetu Kitwana atanileta kwa gari lake mpaka uwanja wa ndege. Nitalia pale mbele za watu, na usininyamazishe. Miezi minne nimelia kwa msiba. Haya yatakuwa machozi mengine.

Mama yako