Sungura Mwenye Mvi Mgongoni

Mpendwa baba Ngoie,

Nimechoka. Watoto wakiniuliza najibu kwamba sijambo, halafu nageukia ukutani. Wewe uko kaburini, huwezi kunihurumia usoni, basi nakuandikia wewe.

Ile tiba ya mionzi niliyokuwa nafuata Zambia, kwa ajili ya titi la kushoto, imesimama kidogo. Mwanzoni ngozi ilikaa nzima, hata nikaanza kujivuna. Baadaye ikawa nyekundu, ikawasha, mwishowe kidonda kikafunguka karibu na kwapa. Daktari amenirudisha Lubumbashi nipumzike, ila lazima nikamalizie. Nikiacha katikati, ugonjwa utapata nafasi.

Mdogo wangu alikuja kutoka Ruashi, akakitazama kidonda. Kisha akasema moto huchoma palepale, na kitu kinachongoja siku zote hizo ndipo kichome si dawa.

"Yaya, dada yangu mkubwa, bale bantu banakumaliza. Usirudie kule."

Nilikifunika kidonda. Nilikuwa namfikiria Kambo.

Unamkumbuka sungura wako mweusi? Ulimleta hapa mtaani kwetu Kenya kutoka maabara ya mifugo ulikofundisha, jaribio lenu lilipokwisha, kwa sababu hukutaka aishie kwenye sufuria. Mlikuwa mmemnyoa mgongoni na kumpiga mionzi. Ulinisimulia jinsi ulivyotazama vipande vya ngozi yake kwenye darubini, ukakuta seli za chini, zile zinazojigawa kila siku, zimesimama. Baadhi zilianza tena baadaye. Nyingine zilijaribu kujigawa zikafia hapohapo. Lakini kwa macho tu, siku zile za kwanza, mgongo ulikuwa mzuri. Nilikucheka, nikasema mashine yenu ni mbovu. Ukaweka kikombe chini, ukanieleza polepole, kama mwanafunzi wako mzito.

"Ngozi yenye unaona leo ilizaliwaka zamani. Rayon, ile mionzi, inapigaka bamama beko chini, benye kuzala. Bana ba juu bakiisha kuanguka, hakuna benye kuingia pa nafasi yabo. Njo kidonda inatoka."

Nikakuuliza, na wale mama waliobaki?

"Banapumzika kwanza. Kisha banazala tena, polepole, kuanzia pembeni."

Na kweli kilifunga kuanzia pembeni. Manyoya yakarudi meupe, mraba mzima, na watoto wetu wakamwita Kambo, kama tunavyowaita babu na bibi, kwa kuwa ana mvi. Kila asubuhi walimwamkia kwa heshima. Hata wewe ulimwamkia, ukiwa na tai yako shingoni.

Leo Ngoie alipokuwa ananiosha alisema pembeni mwa kidonda kuna ngozi mpya, nyembamba. Alifurahi. Mimi nililia, na si kwa furaha. Kikifunga, sina tena sababu ya kubaki nyumbani: ni basi, ni mpaka, ni kulala peke yangu chini ya mashine ile. Ningependa kukaa tu, baba Ngoie. Nakuambia kweli, ningependa kuacha.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu, nikamweleza habari ya wale mama wa chini kwa maneno yako. Hakukubali sana. Alisema tu kwamba atanisindikiza, maana begi siwezi kulibeba kwa mkono huu.

Wajukuu wako wameanza kuniita kambo. Nataka waniite hivyo kwa muda mrefu.

Pumzika kwa niaba yangu pia.

Mke wako,
mama Ngoie