Hooyo, Hukuomba Pale Langoni

Mpendwa Hooyo, mama yangu,

Juma lililopita, kwenye harusi ya mjukuu wako hapa mtaani Iftin, Garissa, mzee mmoja wa ukoo wetu aliwasimulia wageni kwamba wakati wa vita ulikwenda kuiangukia serikali miguuni ili nifundishwe pikipiki. Watu wakacheka. Niliweka kikombe changu chini nikamwambia, "Hakuomba. Mimi nilikuwepo." Kisha nikatoka. Najua umelala kaburini miaka mingi, tena hukujua kusoma. Nakuandikia wewe, lakini nataka na wao wasome.

Wamesahau jinsi tulivyoishi. Askari waliwahamisha ninyi kutoka malisho yetu ya upande wa Kotile, wakawakusanya nyote kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge karibu na mto, ili msiwape chakula wapiganaji, wale ambao serikali iliwaita shifta. Ngamia mliowaacha nyuma hatukuwaona tena. Mvua ilipokuja ikaleta malaria. Dada yangu mdogo, Halima, aliugua siku nne. Kwinini ilikuwepo Garissa mjini, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na hapakuwa na mtu wa kutoka bila kibali. Kibali kilitoka siku mliyomzika. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, msaidizi wa zahanati huko huko mjini. Siku zote nne nilikuwa nikizipanga chupa za kwinini kwenye rafu, bila habari.

Basi zahanati ilipopata pikipiki ya kupelekea dawa vijijini, mganga wetu aliliandika jina langu kwenye orodha ya mafunzo, kwa kuwa nilizijua njia na lugha. Mafunzo yalikuwa ya siku kumi, kwenye uwanja wa mchanga wenye ua wa waya. Mapipa yalipangwa kwa mstari ili tupite katikati yake tukipinda huku na huku, na mwisho palikuwa na ubao mwembamba wa kupita juu yake. Tulikuwa sita. Watano walitoka bara, mimi tu ndiye wa huku. Mwalimu, sajini mstaafu asiyepaza sauti, alilisoma jina langu mara mbili.

"Huyu nikimfundisha," akawaambia wenzangu, "nimemfundisha shifta kukimbia."

Akanipa ndoo na kitambaa. Kwa siku saba wao waliendesha, mimi niliosha.

Siku ya saba ulikuja. Ulikuwa umepata kibali cha kuuza maziwa ya mbuzi mjini, ukapita kunitazama, ukanikuta nimechutama nikisugua matope kwenye magurudumu. Ulikwenda moja kwa moja hadi langoni alikosimama sajini, ukatua kibuyu chako, ukasema kwa Kiswahili chako cha sokoni, P ikitoka B kama kwetu sote:

"Wewe nafundisha bikibiki?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto yangu nabeleka dawa. Wewe naogoba dawa?"

Sajini akasema haogopi dawa, anaogopa pikipiki itaishia porini.

"Binti yangu nakufa. Dawa iko huku, yeye iko kule," ukamwambia. "Kama hii kijana natoroka, mimi iko ndani ya waya yenu. Mimi natoroka wabi? Kamata mimi."

Ukamnyooshea kibali chako cha kutokea kijijini. Hakukipokea. Akageukia upande wangu.

"Weka ndoo chini," akasema.

Hooyo, hayo ndiyo maombi wanayoyacheka. Ulijiweka rehani bila kuinamisha kichwa.

Nilibaki na siku tatu tu. Siku ya kwanza nilianguka mara nyingi, bomba la moshi likanichoma mguu, na kovu ninalo hadi leo. Lakini nilikuwa nimewatazama wenzangu wiki nzima, nikaona kosa lao: kila aliyeutazama mchanga alianguka mchangani. Mimi niliinua macho, nikasimama juu ya vikanyagio, nikaongeza kasi pale ambapo moyo uliniambia nipunguze. Siku ya mtihani nilipita mapipa yote na ubao wote. Watatu kati ya wale watano walianguka.

Sajini alitia sahihi karatasi yangu. "Ukitoroka, mimi ndiye nitakayejibu," akasema.

"Sitatoroka," nikamjibu. "Mtaniona kila wiki mpaka mnichoke."

Safari ya kwanza nilisimamishwa vizuizini mara mbili, nikateremshwa, nikapekuliwa hadi ndani ya viatu. Nilifika kijijini adhuhuri nikiwa na sanduku la kwinini, na hakuna aliyenisogelea. Wanaume walikuwa wamesema nimevaa shati la serikali, na kwamba dawa ya serikali ni sumu ya kutumaliza. Wagonjwa walilala vibandani wakitetemeka, jamaa zao wakinitazama kama adui.

Ndipo ulipotoka kwenye kibanda chako, ukasimama mbele yangu na kunyoosha mkono.

"Unaumwa, Hooyo?" nikakuuliza kwa lugha yetu.

"Siumwi," ukajibu. "Nipe."

Nilikupa kidonge, ukakitia kinywani bila maji, ukakitafuna kwa makusudi ili waone, na kwinini ilivyo chungu hukukunja uso. Ukawageukia wanaume. "Nimemzaa mimi, na nimekula mkononi mwake. Nani mwingine ana mtoto mgonjwa?"

Mwanamke mmoja akaja na mwanawe mgongoni. Kisha wa pili. Jua lilipoinama sanduku lilikuwa tupu.

Serikali iliniita shifta, watu wetu wakaniita msaliti, na wengi wao nimewazika. Sikumwomba radhi hata mmoja. Yule mzee wa harusini ndiye aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku ile, wa kwanza kupokea dawa baada yako. Kesho nitakwenda kwake, nimketishe mbele ya wanawe, nimwambie hayo.

Allah akupanulie kaburi, Hooyo.

Mwanao wa kwanza