Shayiri ya Shahla

Deir al-Balah, Jumatatu

Kaka yangu mpenzi Muayad,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wifi yangu Rula anayekuuguza. Mguu unaendeleaje? Tulisikia umeanza kusimama kwa magongo, na mama alilia kwa furaha hadi majirani wakadhani tumefiwa tena. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima hemani. Mama magoti yanamsumbua. Binti zako hawajambo. Mayar anazidi kurefuka, sijui kwa chakula gani, na Lujain kang'oka meno mawili ya mbele, hataki kucheka mbele za watu. Barua hii nimempa muuguzi anayevuka mpaka na wagonjwa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mama hukaa ubavuni pangu, na yapo mambo siwezi kuyatamka akinisikia.

Nianze na Shahla, maana baada ya watoto najua ndiye unayemuulizia. Farasi wako yu hai. Siku ile unapakiwa kwenye gari la wagonjwa ulinikabidhi hatamu zake, ukaniambia nisimpige wala nisimbebeshe kupita nguvu zake. La kwanza nimelitimiza. La pili halikuwezekana. Mafuta yalipokwisha magari yalisimama, na tangu hapo mtu akijeruhiwa upande wetu naitwa mimi, mwalimu wa hesabu, na mkokoteni wangu. Tumebeba majeruhi, wajawazito, mapipa ya maji. Mara mbili tumebeba wafu. Shahla alizaliwa kukimbia, hakuzaliwa kuvuta. Mikanda ilimchubua bega, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikaingia funza. Mbavu zake zilionekana hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Nilimpeleka kwa Daktari Suhaib, yule daktari wa mifugo aliyefungua banda la turubai karibu na kisima. Aliwatoa funza mmoja mmoja kwa kibano. Shahla alitetemeka mwili mzima lakini hakurusha teke. Daktari alipomaliza aliniambia, "Mwalimu, huyu haumwi bega tu. Huyu ana njaa. Siku kumi asifungwe mkokoteni, na ale shayiri asubuhi na jioni. La sivyo, utamzika." Akanipa gunia moja. Yalikuwa yamebaki sita kwa wanyama wote wa upande huu, na wenzangu kwenye foleni walilisindikiza gunia lile kwa macho hadi nilipotoka.

Aliyenisaidia kulifikisha nyumbani ni Abu Zahir. Humjui, alikuja baada yako. Ni mjane kutoka Beit Hanoun, mzee mkimya, hema lake liko hatua tatu kutoka letu. Wanawe hawapo tena. Alichokuwa amebaki nacho ni punda mmoja jike aitwaye Zarifa, aliyekuwa akimbebea maji ya kupeleka kwa wasioweza kutembea. Gunia alilipandisha juu ya Zarifa, na kuanzia kesho yake alikuja kila asubuhi na kopo la maji ya chumvi kumwosha Shahla kidonda, bila mtu kumwomba.

Siku ya tano Daktari alikuja kukagua. Shahla alikuwa amekonda zaidi na gunia limekwisha. Mengine nilikwambia kwenye simu: kwamba shayiri iliibwa, na kwamba aliyeiba ni Abu Zahir.

Habari ile ilienea kama moshi. Daktari alilifuta jina la mzee katika daftari lake, akasema dawa ni chache na hawezi kuzigawa kwa anayeiba chakula cha mnyama mgonjwa. Kisimani watu walipata la kuchekea. Umm Nihad alikuwa akimwona tu anapaza sauti, "Ficheni ndoo zenu, mzee wa shayiri huyo anapita!" Mwingine alimuuliza kama Zarifa hula kwa kijiko. Mzee aliinamia ndoo yake. Alichota maji yake akaondoka.

Wewe nawe ulituma ujumbe wa sauti, ukasema Mungu asimpe mzee yule siku ya raha. Nilimwekea mama ausikie. Kuta za hema ni nguo, kaka. Mzee naye aliusikia.

Juma lililofuata Zarifa akaanza kuchechemea. Kwato ya mguu wa mbele ilikuwa imetunga usaha. Abu Zahir alimpeleka bandani, akarudishwa. Alimpeleka tena, akarudishwa. Ni jambo dogo, Daktari mwenyewe aliniambia baadaye: kukata kidogo, kuutoa usaha, kusafisha, kufunga. Lakini halikufanyika. Usaha ulipanda mguuni, homa ikamshika, na siku ya sita Zarifa akalala na hakuinuka. Mzee alikaa kichwani pake akimfukuzia nzi mpaka alipokata roho.

Sasa nisikilize, Muayad, nami nakuomba usiisome sehemu hii kwa sauti. Abu Zahir hakuiba hata punje moja. Shayiri tuliila sisi. Niliisaga mimi, kwenye jiwe, nyuma ya hema. Unga ulikuwa umetoweka siku tisa, na Mayar alianza kuanguka anaposimama. Mkate ulikuwa mweusi, umejaa makapi. Lujain alisema unachoma koo, kisha akaomba mwingine. Mama alidhani nimegawiwa nafaka. Kwa kuwalisha wanao sioni haya, na sitakuomba radhi. Lakini Daktari aliponiuliza gunia liko wapi, mbele ya watu, mimi ambaye miaka kumi na minne nimewaadhibu watoto kwa kunakili majibu ya wenzao, nilisema limeibwa. Akauliza na nani. Ningeweza kusema sijui. Niliangalia upande wa hema la mzee, nikasema, "Simtuhumu mtu, lakini mwenye punda hapa ni mmoja."

Siku ya pili baada ya Zarifa kufa nilikwenda bandani wakati foleni imejaa, nikasema yote kwa sauti. Daktari aliweka kibano chini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia watoto wana njaa, ningekwambia usage. Nani angekukataza?" Kaka, afadhali angenitemea mate. Umm Nihad alibeba ndoo yake tupu akaondoka bila kuchota.

Kisha nikaenda kwa Abu Zahir. Nilipiga magoti mlangoni, nikaanza, "Ami, shayiri..." Akanikatiza. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, harufu ya mkate ilimfikia. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza hata walipomrudisha na punda wake. Akasema, "Ningesema nini, binti? Ningesimama kisimani niseme watoto wa Muayad wanakula chakula cha farasi?" Nikamwomba anisamehe. Alifikiri, akanijibu, "Kwa shayiri sina neno nawe. Kwa Zarifa, niache kwanza." Akateremsha pazia.

Nina maombi mawili. Shahla ni wako, kwa hiyo nauliza: akipona, niruhusu nimwachie mzee siku tatu kila juma apelekee watu maji yao, maana sasa huyabeba kwa mikono. La pili, tuma ujumbe mwingine wa sauti. Ulimlaani kwa neno langu. Mwondolee kwa neno lako. Nami nitaufungulia hapo nje, si ndani.

Kidonda cha Shahla kinafunga. Tulipata gunia jingine, na safari hii Daktari ameandika kwa mkono wake, nusu farasi, nusu watoto. Abu Zahir bado huja kila asubuhi na kopo lake. Humsalimia Shahla kwa jina, akamwosha, akaenda zake. Mimi hanisalimii.

Mama anakubusu machoni, na binti zako wanakubusu mikono yote miwili. Nifikishie salamu kwa Rula. Mungu akusimamishe vyema, akurudishe kwetu.

Ni mimi dada yako mwenye aibu,
Ikhlas